Tupeane uzoefu: pesa ya bima ya mifugo ilikufikia ng'ombe wangali wamesimama?

Wafugaji wenzangu, salaam. Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wake wa bima ya mifugo mwaka 2015, ikianza na Turkana na Wajir kabla ya kusogea Marsabit, Mandera, Isiolo, Samburu, Garissa na Tana River. Kaya iliyosajiliwa ililipiwa ada yote kwa kiwango cha ng'ombe watano, mbuzi kumi wakihesabiwa ng'ombe mmoja. Fidia ya juu ilikuwa shilingi 14,000 kwa kila ng'ombe kwa mwaka, yaani 70,000 kwa kaya.

Bima hii haihesabu mizoga. Setilaiti hupima ukijani wa malisho ya eneo lako na kuulinganisha na wa miaka iliyopita. Ukishuka mno, malipo hutoka hata kama hujapoteza mbuzi mmoja, ili ununue nyasi, maji na dawa mapema. Kwangu mimi hapo ndipo penye thamani yake. Mvua ilipokosa misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, nchi ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2.5, na ng'ombe akishalala chini hata umletee lori la nyasi hainuki. Basi semeni wazi: hela iliingia lini, na mlinunua nini?

MamaMaziwa, Isiolo
Kwangu iliwahi. Ng'ombe walikuwa bado wanajipeleka kisimani. Nikanunua marobota ya nyasi nikawapa wenye mimba na wenye ndama peke yao, wengine wakahama na vijana. Pesa ile hailishi boma zima, lazima uchague, na kuchagua kunauma kwa sababu kila mnyama unamjua. Lakini hao niliobaki nao ndio waliotupa maziwa mvua iliporudi. Kubalianeni nyumbani mapema nani atabaki, maana hela ikishaingia na karo nayo inadaiwa.

MchungaMbuzi, Tana River
Sisi hatukupata kitu msimu ule, na wenzetu wa eneo jirani walipata. Huku mti wa mathenge umejaa kando ya mto, na hubaki kijani hata ardhi ikipasuka. Naamini setilaiti iliona kijani hicho. Haikuona kwamba nyasi imekwisha, wala kwamba mbuzi akishindia maganda ya mathenge meno yanaoza. Nilizika mbuzi huku naambiwa malisho yapo.

Mwanzisha mada
Pole sana ndugu yangu. Hesabu ikifanywa kwa eneo zima, boma moja linaweza kuumia bila kuonekana. Mlilalamika pamoja au kila mtu kivyake?

MchungaMbuzi, Tana River
Pamoja, kwenye baraza. Tuliomba wazee wanaojua malisho waulizwe kabla ya uamuzi. Bado tunaomba.

KijanaWaBoma, Marsabit
Mzee wetu alisajiliwa kwa laini ya simu iliyokuwa imekufa. Majirani wakalipwa, sisi tukabaki kuzungushwa ofisi hadi ofisi. Hakikisheni namba ya simu na ya kitambulisho kabla msimu haujaanza.

BintiWajir
Kwetu wengi waliikataa bima kwa sababu ya riba, hadi takaful ya mifugo, bima ya kampuni binafsi inayofuata sheria za Kiislamu, ilipokuja mwaka 2013. Sasa mambo yamebadilika tena: tangu uanze DRIVE, mpango wa wafugaji unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, mfugaji anachangia sehemu ya ada. Kuna wajane wenye mbuzi wachache ambao mchango huo unawafungia mlango, na hao ndio ukame huwamaliza kwanza. Wangelipiwa yote kama zamani. Mimi niliuza mbuzi tasa nikalipa. Msimu ukawa mzuri, sikulipwa chochote, na mume wangu akasema tumepoteza mbuzi bure. Nitalipa tena msimu ujao, kwa sababu ukame ule wa 2022 niliuona kwa macho yangu.