Siku tatu kwenye kijiji kisichoingia gari milimani Uswisi, na mama mwenye goti: Wengen, Mürren au Zermatt?

BintiKisauni

Asalam aleikum wapendwa. Naomba mawazo yenu maana nshasoma mpaka macho yaniuma na bado sijaamua. Mwezi wa saba inshallah mimi, mume wangu na mamangu twaenda Bern kwa mdogo wangu aliyeolewa huko, amejifungua mwaka huu na mama ataka kumbeba mjukuu. Tutakaa wiki mbili, na katikati tumetenga siku tatu tukalale milimani kwenye vile vijiji ambavyo gari haziingii. Wazo ni la mama mwenyewe, alioneshwa picha kwa simu akasema hapo ndo nataka nilale, mahali pasipo na honi. Nyumba yake iko kando ya steji hapa Kisauni, miaka thelathini aamshwa na makanga kabla ya adhana, kwa hivyo hili jambo nalitaka liende sawa kwa ajili yake.

Mama ana miaka 66, goti la kulia lamsumbua, kutembea atembea lakini ngazi na mteremko vyamuumiza. Presha pia yuatumia dawa. Majina ninayoyaona kila mahali ni Zermatt, Wengen na Mürren. Kipi kwa mtu kama yeye? Mizigo tunaibebaje kama hakuna teksi? Na chakula, sisi twala halali tu. Aliyewahi kufika anijuze tafadhali.

MpwaWaMokowe

Waleikum salam dada. Mimi ni wa Lamu nakaa Tudor, Wengen nimelala usiku nne na bado nakuota. Nikueleze kwa njia yetu: Lamu gari unaiacha Mokowe, wapanda boti wavuka. Kule Mokowe yao ni Lauterbrunnen, hapo barabara ndo imeisha kwa anayekwenda Wengen, kuna jengo kubwa la kuegesha gari ubavuni mwa stesheni na wenye gari wote wanaziacha hapo. Halafu badala ya boti wapanda treni ya meno, yani katikati ya reli kuna reli ya tatu yenye meno na chini ya treni kuna gurudumu la meno linaloing'ata, ndo maana yapanda mlima bila kuteleza. Hiyo reli iko tangu 1893. Dakika kumi na nne hivi uko juu. Kaeni dirisha linaloangalia bondeni, mtaona maporomoko ya Staubbach yakimwagika kutoka ukingo wa jabali karibu mita 300, maji yanageuka ukungu kabla hayajafika chini.

Kutoka Bern ni rahisi: treni mpaka Interlaken Ost kama dakika 55, wabadilisha, dakika 20 mpaka Lauterbrunnen, wabadilisha tena, umefika. Haizidi saa mbili. Stesheni ya Wengen iko katikati ya kijiji na hoteli nyingi zinatuma kigari cha umeme kupokea mizigo, nyinyi muwaandikie tu mapema mnafika na treni ya saa ngapi.

Ila tofauti moja na Lamu lazima uijue kwa sababu ya goti. Lamu ukiwa mbele kule kwenye gati ni tambarare. Wengen imekaa kwenye mteremko, hoteli ya bei nzuri unayoiona kwa picha yaweza kuwa dakika kumi juu ya stesheni na hizo dakika kumi ni kupanda, na kurudi ni kushuka ambako kwa goti ndo kubaya zaidi. Ukichagua hoteli usiangalie picha ya balkoni, angalia iko wapi kwenye ramani na uwaulize wazi, kutoka stesheni ni tambarare au ni mlima, na lifti ipo? Majengo mengi ni ya zamani, ya mbao, mengine hayana lifti.

mpishi_wa_zamani

Dada mimi nilifanya kazi jikoni hotelini Zermatt misimu miwili, naomba niongeze. Zermatt ni nzuri, ule mlima Matterhorn, mita 4,478, ukiuona asubuhi ncha imepata jua na kijiji bado kiko kwenye kivuli hutausahau maishani. Lakini kwa safari yenu sikushauri. Kutoka Bern ni zaidi ya saa mbili na Zermatt ni mji kabisa si kijiji, mchana watu wamejaa barabara ya stesheni kama Marikiti ijumaa. Na vigari vya umeme ni vingi mno, teksi, mabasi, vya hoteli, vinatengenezwa hukohuko, vina umbo la sanduku na havina sauti. Mtu aliyekulia hapa kwetu masikio ndo yanamwambia gari inakuja. Kule kinakuja nyuma yako kimya na kinakimbia, mimi wiki ya kwanza nilivutwa mkono na mwenzangu mara mbili. Mkienda hata kwa siku moja mshikeni mama.

Sasa chakula, hapa sikilizeni vizuri. Fondue, ile sufuria ya jibini iliyoyeyushwa watu wanachovya mkate, ndani yake mna divai nyeupe na mara nyingi pombe kali ya cheri. Wageni wengi wa Kiislamu wanaagiza wakidhani ni jibini tu. Raclette ni tofauti, hiyo ni jibini linayeyushwa linakwanguliwa juu ya viazi vya kuchemsha, wewe angalia tu wasiweke nyama pembeni. Rösti, viazi vilivyoparuzwa vikakaangwa, ni tamu sana na mama ataipenda lakini ulizeni kabla, wanapenda kuweka vipande vya nguruwe. Makaroni yao ya milimani na viazi na krimu pia hivyo hivyo. Neno la kukariri ni "Speck", yani hiyo nyama ya nguruwe, ukiliona kwenye menyu pita mbali.

Nyama halali kule juu usitegemee. Uswisi walipiga kura 1893, mwaka uleule wa hiyo treni ya Wengen, wakapiga marufuku kuchinja bila kumzimisha mnyama kwanza. Maduka ya halali mtayapata Bern, mdogo wako bila shaka ayajua. Kama ni mimi ningekodi nyumba yenye jiko badala ya hoteli, nikanunua kuku Bern nikapanda naye kwenye begi la barafu, duka la vyakula Wengen lipo. Kutoka Mombasa beba bizari, iliki, tangawizi, majani ya chai. Usibebe nyama kavu wala samli wala kitu cha maziwa, forodhani wanavichukua.

Nyali84

Nshaenda na wazazi wangu. Viza kwanza kwa sababu Julai si mbali: ni viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, Uswisi haiko Umoja wa Ulaya lakini Schengen imo. Mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na mwisho siku 15 kabla, usingoje mwisho. Bima ya safari iwe ya yuro 30,000 kwenda juu. Mdogo wako awaandikie barua ya mwaliko, na mama awe na karatasi za benki zake mwenyewe hata kama ni kidogo. Sisi alama za vidole tulitoa Nairobi, tulipanda SGR usiku tukamaliza asubuhi tukarudi, mzee wangu alichoka sana. Kwa mama mwenye goti laleni Nairobi usiku mmoja.

Pesa. Franki moja ni zaidi ya shilingi 140 kwa hivyo kila kitu kitakushtua, zoea mapema. Kwa wiki mbili nunueni kadi ya nusu nauli, inadumu mwezi mzima na treni za milimani nazo mnalipa nusu. Sisi tulinunua ile pasi ya siku chache tukajuta, kwa sababu siku tulizokaa nyumbani kwa jamaa zilikuwa zinaliwa bure.

Na hili limenikaa moyoni mpaka leo. Jungfraujoch, stesheni ya treni iliyo juu kuliko zote Ulaya, mita 3,454, nauli kamili kutoka Interlaken kiangazi yapita franki 200 kwa mtu mmoja. Mimi nilinunua tiketi tatu wiki mbili kabla kupitia wakala mmoja wa mtandaoni ili tusikose nafasi. Siku yenyewe mawingu yalifunga kabisa. Tulifika juu hatukuona hata mkono wetu, mamangu alisimama kwenye kioo cheupe akaniuliza mlima uko wapi mwanangu. Wakala hakurudisha hata senti. Kumbe kuna kamera zinaonesha kilele moja kwa moja, hata kwenye televisheni ya hoteli ziko, ukiamka asubuhi waangalia, kama kuko wazi ndo walipa. Msinunue kabla, hata mtu akuambie nini.

BintiKisauni

Mungu awalipe kheri, nimesoma nikamsomea na mama, amecheka hapo kwa fondue kwa sababu ndo ilikuwa kwenye picha aliyoipenda.

Naona Wengen inashinda ila Mürren hakuna aliyeigusa. Presha je, kule juu hewa haitamsumbua? Na swala, mama hapendi kuchelewesha, mwezi wa saba kule jua linazama saa ngapi?

MpwaWaMokowe

Mürren ni kidogo na kimya kuliko Wengen, watu wakazi ni mia chache, na milima yote mitatu Eiger, Mönch na Jungfrau iko mbele ya uso. Lakini kufika ni kebo kwanza, kile kibanda kinachopanda kwa waya, halafu treni ndogo, ni kubadilisha mara moja zaidi na mizigo na mama. Mchukueni siku ya pili kwa matembezi, treni ile inakwenda ukingoni mwa jabali na njia ya katikati ya kijiji ni ya kutembea polepole.

Kuhusu hewa, Wengen ni mita 1,274. Nairobi ni karibu mita 1,800. Kama mama akienda Nairobi hana shida basi kulala Wengen ni chini zaidi. Jungfraujoch ndo hadithi nyingine, huko ni karibu mara mbili ya Nairobi na mwapanda kwa muda mfupi, muulizeni daktari wake kabla hamjasafiri, msiulizane nyinyi kwa nyinyi. Na kusema kweli hamna haja. Pandeni treni kutoka Wengen mpaka Kleine Scheidegg, nusu saa hivi, mita 2,061, mkae nje stesheni hapo na chai. Ukuta wa kaskazini wa Eiger uko mbele yenu, ule ambao watu walijaribu mpaka 1938 ndo wakafanikiwa kuupanda, na mama hata ngazi hajapanda. Sisi tulikaa pale saa mbili nzima hakuna aliyetaka kuondoka.

MzeeWaKuze

Binti, niguse la swala. Mwezi wa saba kule swala ya Magharibi inaingia baada ya saa tatu usiku, na Isha ni karibu na saa sita. Alfajiri yaingia mapema mno, kiasi cha saa tisa au kumi. Sisi Mombasa mwaka mzima Magharibi ni saa kumi na mbili na dakika, tumezoea kutazama nje tu. Bondeni Lauterbrunnen jua lajificha nyuma ya jabali mapema na kunakuwa na kivuli, mama atadhani Magharibi imeingia kumbe bado saa kadhaa. Msitazame jua, tumieni ratiba ya simu. Nanyi ni wasafiri, kupunguza na kukusanya swala mmeruhusiwa, mkumbushe mama asijitaabishe. Kibla pia, kwetu ni kaskazini, kule ni kusini mashariki, siku ya kwanza kila mtu hukosea.

mpishi_wa_zamani

Nguo nilisahau. Msinunue makoti madukani, nendeni Kongowea kwenye mitumba muda wa asubuhi, makoti ya baridi yanayotoka hukohuko Ulaya yamejaa. Julai Wengen mchana ni kama Limuru na usiku ni baridi, nguo mbili tatu nyembamba juu ya nyingine ni bora kuliko koti moja zito. Leso mbili pia abebe, moja shingoni kwenye treni na nyingine magotini. Fimbo ya kutembelea mtapata za kukodi madukani hapo.

BintiKisauni

Basi ni Wengen. Nimeona nyumba ndogo ya ghorofa ya chini yenye jiko, nimewaandikia kuuliza kama kutoka stesheni ni tambarare, wamejibu kwamba ni dakika nne na mteremko ni mdogo, wakanitumia na picha ya njia yenyewe. Mama ameiangalia ile picha kwa muda mrefu, akaniuliza mbona hakuna mtu. Mume wangu keshaanza karatasi za viza, Jumamosi twaenda Kongowea.

Nyali84

Hongera. Soketi zao ni za pini tatu za mviringo, plagi zetu za mraba haziingii, chaja ya pini mbili nyembamba inaingia. Nunueni adapta hapahapa Mombasa, za kule ni ghali. Na mwambie mama ukimya utakuwepo lakini kengele za ng'ombe atazisikia malishoni mpaka usiku.

BintiKisauni

Nimemwambia. Amesema hizo si honi.