Hela ya meza 12,000 kwa siku, tuko watu sita: naanzia wapi kuweka akiba?

Mama Watatu, Mbagala

Habari zenu wapendwa. Naomba mawazo yenu, na nitasema yote wazi ili mnishauri kwa hali yangu ilivyo.

Tuko sita: mimi, mume wangu, watoto watatu na shemeji yangu anayesoma. Tumepanga vyumba viwili. Mume ni bodaboda, pikipiki siyo yake, kila jioni lazima apeleke hesabu 10,000 kwa mwenye chombo ndipo ajue amebaki na nini. Asubuhi akitoka ananiachia 12,000 mezani. Mvua ikinyesha ni 8,000, na siku mbili tatu kwa mwezi hakuna kitu kabisa, nakwenda dukani kukopa. Kodi analipa yeye, mambo ya sare na michango ya shule anahangaika nayo yeye. Langu ni kuhakikisha watu wamekula, nguo zimefuliwa na watoto wametoka na hela ya shule.

Mwezi uliopita nilinunua daftari nikaandika kila shilingi iliyotoka mkononi mwangu. Sikumwambia mtu. Nilitegemea nitakuta vitu vya ovyo ambavyo naweza kuviacha. Sikukuta. Nilikuta mkaa 2,000, mafuta ya kula 1,000, sukari robo, unga, fungu la nyanya, kitunguu, dagaa au maharage, kipande cha sabuni, madumu ya maji. Kesho yake vilevile. Mwisho wa mwezi mkaa peke yake ulikuwa 60,000. Nilijumlisha mara ya pili nikidhani nimekosea.

Kilichoniuma zaidi ni mafuta. Nilichukua chupa ya maji ya nusu lita, nikirudi dukani na mafuta yangu kwenye kikombe nayamimina humo kwanza, nachora mstari kwa kalamu, ndipo nayatia sufuriani. Siku ya kwanza yalifika robo ya chupa. Siku ya pili robo. Siku ya tatu robo. Kwa hiyo nusu lita nainunua 4,000, lita nzima 8,000. Na dukani hapohapo dumu la lita 5 ni 32,000, yaani 6,400 kwa lita. Nalitazama kila siku pale juu kwenye shelfu, sina 32,000 za kulitoa.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 ninao, niliupata bure mitungi ilipokuwa inagawiwa mtaani. Ulipoisha sikuweza kuujaza, 24,000 kwa mkupuo sina. Uko uvunguni mwa kitanda.

Kibubu nimeshavunja mara mbili kabla hakijajaa. Kikoba nipo, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nanunua hisa ya 2,000 kwa wiki, Desemba tunavunja na kugawana. Jirani ananiambia nikope kikoba ninunue vitu vya jumla. Nifanyeje? Mtu wa hela ya kila siku anaanzia wapi?

Dereva wa Usiku

Pole dada yangu, na hongera kwa hilo daftari. Mimi ni mwenzake mumeo, niko barabarani mwaka wa sita.

Niseme la upande wetu. Hesabu ya bosi hatuikosi hata siku ya mvua, kwa sababu tunajua tukikosa chombo kinachukuliwa. Nyumba haituchukulii chombo, ndiyo maana yenyewe inapata kilichobaki. Mimi na mke wangu tuliweka hesabu ya nyumba, 1,000, inatoka kwenye safari ya kwanza ya siku kabla sijaweka mafuta ya pikipiki. Abiria wa kwanza ni wa nyumba. Nikirudi namkabidhi mkononi. Kwenye simu tulijaribu tukaacha, hela ndogo ndogo makato yanaila ukitoa.

Mweleze mumeo hizo hesabu za chupa. Mwoneshe chupa yenyewe, na mistari yake.

Mwenye Genge

Mdogo wangu, nimesoma nikaona nijibu kwa urefu, maana mimi niko upande wa pili wa kikombe chako. Nina genge na kaduka kadogo Temeke, mwaka wa kumi na moja huu.

Mafuta nanunua dumu la lita 20 kwa 118,000. Kwa kipimo kama hicho cha kwako, lita 20 zingetoa vipimo 160, lakini kuna yanayobaki kwenye mpira na kwenye faneli, kuna mtoto anayekwambia mama amesema uongeze kidogo, kwa hiyo napata kama 150. Yaani 150,000. Tofauti ni 32,000, na humo ndani kuna watu wa daftari la madeni ambao wengine wamehama na deni langu. Sikuibii wala mwenye duka lako hakuibii. Unamlipa kwa kukukatia kidogo kidogo na kwa kukukopesha siku ambayo mvua imenyesha. Ila kazi hiyo ya kukata unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani kwako, na ujira ukabaki kwako.

Sasa sikiliza, na usiharakishe.

Usianze na vitu vyote. Chagua mafuta peke yake, kwa sababu hayaozi haraka na umeshayapima. Tafuta 32,000 za mara ya kwanza tu. Kikoba usikikope kwa ajili ya chakula. Nimeona wanawake wenzangu wengi wakianzia hapo: unakopa ununue dumu, linakwisha, marejesho na riba bado, unakopa tena. Mkopo wa kikoba uchukue kwa kitu kitakachokuletea hela. Hiyo 32,000 itoe kwenye hesabu ya nyumba aliyosema kaka hapo juu kama mumeo atakubali, 1,000 kwa siku, mwezi na siku mbili umefika. Kama hakubali, itoke kwenye hizo hizo 12,000. Chagua siku mbili kwa wiki upike chukuchuku, mboga ya majani kwa karanga au kwa tui, mafuta usinunue siku hizo. Itachukua muda mrefu zaidi, lakini itafika.

Siku ukinunua dumu, hapo ndipo wengi wanaharibu. Dumu liko ndani, mkono unalegea. Samaki wanaogelea kwenye mafuta, jirani anaomba kijiko, dumu la siku arobaini linaisha siku ishirini, unasema jumla haina faida. Kwa hiyo dumu lifungie kabatini au uvunguni. Kila Jumapili jaza ile chupa yako ya nusu lita mara moja na robo tatu, ndiyo mafuta ya wiki nzima, kipimo kilekile ulichokuwa unanunua dukani. Mistari umeshaichora.

Na la mwisho, ambalo ndilo kubwa: kila siku endelea kununua mafuta. Ile 1,000 usiseme leo sinunui mafuta basi niongeze dagaa. Itumbukize kwenye kopo, kama unamlipa mwenye duka. Wewe ndiye mwenye duka sasa. Lita 5 kwa robo chupa kwa siku ni siku 40. Siku ya arobaini una 40,000, unanunua dumu jingine la 32,000, na 8,000 ni faida yako. Dumu la tatu, 16,000. La nne, 24,000, na mtungi wako unatoka uvunguni.

Ni miezi minne na zaidi, najua. Mimi duka langu lilianza na ndoo moja ya nyanya.

Bibi wa Muheza

Wanangu salaam. Mjukuu wangu ndiye ananiandikia.

Mama Watatu, wakati unasubiri hiyo gesi, mkaa wako unaweza kuupunguza leo leo. Ukimaliza kupika usiuache ufe wenyewe jikoni. Tafuta kopo la bati la rangi lenye mfuniko wake, chukua koleo, mkaa unaowaka uutie humo ufunike. Hewa ikikosa, moto unazimika. Kesho unakuta mkaa mweusi mkavu, unawaka haraka kuliko mpya. Lakini kopo likae nje, na jiko lenye moto usilale nalo ndani hata kama ni baridi au mvua. Moshi wa mkaa hauonekani, na unaua.

Maharage loweka tangu jioni, maji ya kulowekea mwaga. Asubuhi chemsha kwa moto mkali, yatokote kweli nusu saa nzima, usiyapunguzie moto. Yakiwa bado yanatokota funika, usifunue tena, ingiza sufuria kwenye kikapu. Mimi kikapu changu nimekijaza sufi, huku miti ipo. Mjini tumia blanketi kuukuu au nguo zilizochakaa, zibane pande zote, juu weka mto. Baada ya saa nne au tano hivi unakuta yameiva, laini. Rudisha motoni yatokote tena, tia chumvi, nazi na kitunguu, ule. Chumvi usiitie mwanzo. Mkaa wa maharage uliokuwa wa saa mbili unatumia wa saa moja.

Na kitu kingine, mahindi. Mwezi wa saba na wa nane mavuno ya Rukwa, Songwe na Ruvuma yanateremka, ndipo bei inakuwa na huruma. Wapangaji wanne mkichanga gunia moja mkasage, hamtanunua unga wa kilo kwa kilo. Mkiyaweka, wekeni kwenye ile mifuko ya tabaka tatu, mbili za nailoni ndani na kiroba nje, mfunge kila tabaka peke yake. Dumuzi anakosa pumzi anakufa, wala hamhitaji dawa.

Mwalimu wa Hesabu

Shikamoo bibi. Mama Watatu, kwenye maharage kuna njia nyingine, sufuria la presha la umeme. Nililipata kwa mkopo wa kazini. Nilisoma LUKU, mita yetu ya umeme, kabla ya kuweka nusu kilo ya maharage na baada ya kuiva: haikufika nusu uniti. Kwetu ambao hatutumii zaidi ya uniti 75 kwa mwezi, 1,000 inatupa uniti kama 8. Hayo ni maharage ya sufuria nzima kwa chini ya shilingi 70.

Mama Watatu, Mbagala

Bibi, shikamoo. Kopo la rangi nimelipata kwa fundi jirani, nimeanza tangu juzi. Leo asubuhi mkaa wa jana jioni ulitosha chai na bado ukabaki.

Mwalimu, nakushukuru, ila LUKU tunachangia wapangaji wanne kwenye mita moja, tumeshavuka hizo 75 siku nyingi, kwetu 1,000 ni uniti 2 na pointi. Nikileta sufuria la umeme kesho yake ni kikao cha nyumba nzima.

Mwalimu wa Hesabu

Hapo umenena kweli. Kwa uniti hizo ni karibu 180 kwa sufuria ya maharage, bado ni nafuu kuliko mkaa, lakini sufuria lenyewe ni hela nyingi na ugomvi haulipiki. Siku mkikubaliana kila mpangaji awe na mita yake ndogo ya ndani, tutaongea tena. Kwa sasa fuata kikapu cha bibi.

Mama Watatu, Mbagala

Ndugu zangu nimerudi. Nimekaa kimya miezi miwili kwa sababu sikutaka kuandika kitu ambacho sijakifanya.

Mume wangu nilimwonesha chupa. Aliishika akaizungusha, akauliza hii mistari ni nini, nikamweleza. Hakusema kitu usiku ule. Asubuhi aliacha 12,000 kama kawaida, saa mbili akarudi kutoka kijiweni akaweka 1,000 juu ya friji ya jirani tunayotumia wote, akasema hiyo ni ya abiria wa kwanza. Siku za mvua kuna alizokosa, sikumuuliza. Dumu la kwanza nililinunua siku ya 36.

Mwenye Genge, dada yangu, ulisema kweli kuhusu mkono kulegea. Wiki ya kwanza nilikaanga mihogo mara mbili, chupa ikaisha Alhamisi. Siku tatu zilizobaki tulikula chukuchuku, watoto wakalalamika, sikufungua dumu. Tangu hapo chupa inafika Jumapili.

Kikapu nimekitengeneza kwa boksi la sabuni na koti kuukuu la mume wangu. Mkaa umeshuka kutoka 2,000 hadi 1,300 siku za maharage, siku za dagaa haujabadilika sana. Wapangaji wenzangu wawili wamekubali suala la gunia la mahindi, wa tatu anasema tumsubiri mshahara.

Leo ni siku ya 19 tangu dumu lifunguliwe. Kwenye kopo ninayo 17,000. Ingekuwa 19,000, ila Jumanne mtoto wangu mdogo alishikwa na homa usiku, nikatoa 2,000 ya kumpeleka kupima. Nimeiandika kwenye daftari kama deni la mwenye duka, nalilipa mia mbili mbili.