Walitutoza hela ya hema, hema wakawapa wauza bia: yaliyotukuta wapenda midoli kwenye tamasha la Kijapani

Wakuu, najua wapo watakaosoma kichwa tu, wacheke, waandike "mtu mzima na midoli" kisha wapite. Piteni salama. Nina miaka 41, ni muuguzi hapa Ujerumani, sinywi, sivuti, na kihela changu cha ziada kinaishia kwenye midoli. Wengine mnakula mishahara kwenye mikeka ya mpira na sijawahi kuwasema.

Midoli yenyewe si ile ya plastiki ya Kariakoo. Hii ni ya rezini, utomvu wa kiwandani unaomiminwa kwenye kalibu ukawa mgumu, viungo vyake ni vya mviringo, na ndani ya mwili umepita mpira unaovutika, kwa hiyo inakaa, inasimama, inakunja goti. Kampuni ya Volks ya Kyoto, Japani, ndiyo iliyoipa umaarufu mwaka 1999 ilipotoa Super Dollfie, mdoli wa karibu sentimita 60. Macho ni ya kioo, nywele unavua na kuvalisha nyingine, uso unapakwa kwa mkono kwa unga wa chaki za rangi. Wangu anaitwa Mwanaidi. Nilimsubiri miezi saba, na fundi wa uso peke yake alikula euro 120. Gauni lake la kanga nimelishona mwenyewe, ndani nimetia bitana nyeupe, maana kanga nyekundu ikigusa rezini muda mrefu inaacha doa.

Adui mkubwa wa rezini ni jua. Ile nyeupe inageuka njano kama meno ya mvuta tumbaku, na hairudi ilivyokuwa. Ya kahawia kama ya Mwanaidi inapauka. Waandaaji wa hilo tamasha la Kijapani tulikopeleka midoli yetu kuionyesha hawawezi kusema hawakujua, kwa sababu niliwaandikia mimi mwenyewe mara mbili, mwezi wa nne na wa sita. Wakajibu nisiwe na wasiwasi: hema la mita tatu kwa sita lipo, meza nane zipo, kamba ya kuzuia watu ipo, na kijana wa kujitolea atasimama nasi. Tukalipa euro 18 kila mmoja, watu 22. Pigeni hesabu wenyewe.

Siku ikafika, Jumamosi ya Julai, nyuzi joto 31. Nimetoka kwangu saa kumi na moja alfajiri, treni mbili, Mwanaidi nimemfunga taulo kama kichanga anayetoka leba. Kufika bustanini nakuta meza tatu katikati ya nyasi, jua la utosi, hata mwavuli hakuna. Kamba hakuna. Kijana hakuna. Na hema? Hatua ishirini tu kutoka pale! Karatasi yenye jina la kundi letu bado imebandikwa kwenye nguzo, na ndani yake watu wanauza bia.

Nikamfuata mhusika. Akanijibu, "Kwani midoli inasikia joto?"

Nilinyamaza kwanza. Mtu wa Tanga akinyamaza, wanaotujua wanajua.

Tukahamia chini ya mti, mlinzi akatufukuza, eti ni njia ya magari ya zimamoto. Tukarudi juani, tukavua skafu na majaketi kuwafunika. Watu wametuzunguka, nyuma ngoma za taiko zinapigwa hadi kifua kinatetemeka, watoto wanakuja na takoyaki, vile vitumbua vya pweza, mkononi, sosi inachuruzika mpaka kiwikoni, wanataka kushika. Mtoto simlaumu, kaona kitu kizuri na hakuna wa kumwambia asiguse. Lakini likaja baba zima, likamnyanyua mdoli wa binti mmoja kwa nywele ili lipige selfi. Nywele si zinavuliwa? Zikabaki mkononi, mdoli akaanguka kwenye ukingo wa meza, vidole viwili vikakatika. Yule binti ana miaka 19, aliweka akiba kwa kufanya kazi ya kuoka mikate. Alilia mpaka nikamkumbatia. Mhusika akapita, akatazama, akasema anunue mwingine.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba ndani ya ukumbi wa tamasha hilohilo, kwenye kiyoyozi, walipanga midoli ya hina, ile ya sikukuu ya Wajapani ya wasichana, Machi 3, ndani ya kabati la kioo lenye tangazo la kukataza kugusa. Kumbe wanajua! Japani kwenyewe mdoli uliochakaa watu wengi hawautupi jalalani. Pale Awashima, Wakayama, watu hupeleka midoli yao ya zamani hekaluni, na kwa miaka mingi Machi 3 mingine ilikuwa ikipandishwa mashuani na kusukumwa baharini kwa heshima zote. Sisi hata kivuli tulichokilipia tumenyimwa.

Niliwaandikia Jumatatu. Jibu lao ni sentensi moja: hali ya hewa iko nje ya uwezo wao. Mimi nililalamikia hali ya hewa? Nililalamikia hema, na picha ya hema na ile karatasi nimewatumia.

Nataka euro 18 zangu, nataka vidole vya yule binti vilipwe. Nina risiti, nina barua pepe zao zote. Mlioko Ujerumani mliowahi kudai waandaaji wa matamasha, mlianzia ofisi gani? Na kuna mwenye kumjua fundi wa kurudishia vidole vya rezini? Njooni inbox.