Tupeane uzoefu: Kustaafia Lushoto, mji mdogo wa milimani wenye vyuo

Shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo.

Mimi na mwenzangu tulihamia Lushoto baada ya kustaafu, mimi ualimu, yeye uuguzi. Watu waliokaribia miaka 60 hunipigia simu kuuliza, "Baridi ya huko mnaiwezaje?" Baridi inazoeleka. Swali ambalo ningependa waanze nalo ni hili: ukizidiwa usiku wa masika, utafikaje hospitali? Naweka hapa ya kwetu, nanyi mnaoishi au mliowahi kuishi huku, karibuni muongeze yenu.

Kilichotuvuta ni hewa na ukubwa wa mji. Tupo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, lile joto la Mombo, mji ulio chini ya mlima, unaliacha kule kule. Chuo cha Uongozi wa Mahakama kiko hapa, na wanachuo ndio wanaoufanya mji mdogo namna hii uwe na maduka ya dawa, mama lishe wa kila kona na bodaboda hadi usiku. Mji wa wazee watupu ungetuchosha mapema.

Hatukununua kiwanja haraka. Tulipanga nyumba, tukapitisha kwanza masika, kisha kipupwe. Barabara ya kutoka Mombo ni lami, kilomita 30 na ushei, lakini ni nyembamba, kona baada ya kona, mlima huku na bonde kule. Mvua ikikaza, udongo na mawe hushuka na magari yanasimama. Hospitali ya wilaya tunayo hapa mjini. Kinachozidi uwezo wake kinakwenda hospitali ya Bombo, Tanga, au ya KCMC, Moshi, na kote huko lazima uteremke Mombo kwanza. Mwenzangu ana presha. Kwa hiyo viwanja vya upande wa Irente, ambako ukisimama ukingoni unaiona nyika yote chini yako, tuliviacha. Tukachukua kiwanja kidogo, cha umbo la ajabu, karibu na mji, ila bodaboda inafika mlangoni hata kukiwa na tope.

Jambo la pili ni fedha. Kanuni ya pensheni ya 2022 iliweka mkupuo, yaani fedha unayolipwa kwa mara moja ukistaafu, wa asilimia 33, na mwaka 2024 ukapandishwa, lakini bado si fedha ya kuchezea mlimani. Kwenye mteremko unachimba, unasawazisha, unajenga ukuta wa kuzuia udongo, na mpaka hapo hujaweka tofali hata moja la chumba. Fundi wa Dar anayekukadiria kwa picha za simu, mshukuru kisha umtafute fundi wa hapa hapa.

—

Mama wa Magamba: Asante mwalimu. Mimi ni mjane, nilikuja peke yangu nikitokea Dar, si Msambaa wala sina ndugu huku. Nilianza kwa kwenda sokoni siku ya gulio hata kama sina cha kununua, nikijifunza salamu zao. Kisha nikaingia kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Niliposhikwa na nimonia mwezi wa saba, hao ndio waliopokezana kulala kwangu. Mmoja alikuja na kuni kichwani, akawasha jiko la nje, akachemsha maji ya kunikanda, ndipo akaniuliza kama nimekula. Wanangu wako mbali, walifika baadaye.

Nisisitize moja kwa wageni: usilale na jiko la mkaa chumbani madirisha yakiwa yamefungwa. Hewa yake inaua, na huisikii kwa harufu. Nunueni mablanketi mazito na soksi za sufu.

—

Mzee wa vyumba: Wengi wanakuja na hesabu ya kujenga vyumba vya wanachuo ili kodi iwatunze. Inawezekana, ninavyo. Ila piga hesabu ya miezi ambayo chuo kimefungwa, maana vyumba vinabaki kimya. Mwanachuo anataka maji, umeme wa mita yake na kutembea kwa miguu hadi darasani, mandhari hayalipii. Mimi nimechanganya: wanachuo, mwalimu mmoja na muuguzi. Hao wawili hawaondoki likizo.

—

Nimerudi Tanga: Shikamoo mwalimu. Sisi hatukuweza. Mume wangu ana pumu, na ule ukungu wa asubuhi wa Juni hadi Agosti ulimbana kifua kila siku. Nguo zinakaa kwenye kamba siku mbili hazijakauka. Ngazi nazo: nyumba tuliyopanga ilikuwa chini ya barabara, na magoti yangu yalikuwa yanauma kila nikipanda kwenda dukani. Lushoto naipenda mpaka leo, peasi na plamsi zake naagiza. Lakini tulikuwa tumepanga tu, hivyo kuondoka hakukutugharimu nyumba.

—

Bado sijastaafu: Mwalimu, na ardhi? Nimeonyeshwa shamba zuri Soni, muuzaji anasema ana haraka.

—

Mwalimu (mwenye mada): Mwanangu, huku ardhi nyingi ni ya ukoo, na vipande ni vidogo kwa sababu vimegawanywa kizazi hata kizazi. Muuzaji mmoja hatoshi. Omba kuwaona mke wake, kaka zake na watoto waliokwisha kuwa wakubwa, wote wakae mbele ya uongozi wa kijiji na waweke saini. Majirani wa mipakani nao wawepo, mtembee mpaka kwa miguu. Kisha rudi uliangalie shamba hilo mvua kubwa ikinyesha, uone maji ya wenzio wa juu yanapita wapi. Akikataa kukusubiri mpaka masika, mwache auze kwa mwingine.