Je, ninaweza kununua hisa nikiwa bado ndani ya IVA?

Swali: Mpwani wa Leicester

Habari zenu. Mimi ni Mkenya ninayeishi Leicester na kufanya kazi katika ghala la kampuni ya maduka ya vyakula. Madeni ya kadi na mikopo yaliponizidi niliingia katika IVA, yaani mpango wa hiari ambao kwa sheria ya Uingereza humfunga mdaiwa pamoja na wadai wake. Wadai walipiga kura na kukubali, na tangu hapo ninamlipa msimamizi fungu la kila mwezi, malipo 60 kwa jumla, nami sasa ninaingia mwaka wa tatu. Riba imesimama na barua za vitisho zimekoma.

Nikishatoa fungu hilo, kodi ya nyumba, nauli na chakula, mara nyingi hubaki kama pauni 40, na ningependa kununua hisa kidogo kidogo kuliko kuziacha fedha hizo ziyeyuke. Aidha, mwajiri ametualika katika mpango wa SAYE, ambapo fedha hukatwa kwenye mshahara kwa miaka 3 au 5, na mwishoni mfanyakazi huwa na haki ya kununua hisa za kampuni kwa bei iliyopunguzwa. Niongeze kwamba ninazo hisa 400 za Safaricom tangu mwaka 2008. Nilizitaja katika pendekezo langu na wadai wakaziacha kwa sababu thamani yake ni ndogo. Je, nikifanya lolote kati ya haya nitakuwa nimevunja masharti?

Jibu: Karani wa Madeni

Ndugu yangu, kazi yangu ni kuwashauri watu wenye madeni hapa Uingereza, ingawa hati yako mwenyewe ndiyo yenye neno la mwisho kuliko mimi. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 1986 haina kifungu kinachomkataza mtu aliye katika IVA kununua hisa. Kinachokubana ni yale uliyoyatia saini, na kwa kawaida yamo mambo matatu: kutoa taarifa ya mali yoyote mpya yenye thamani, kutoa taarifa ya kipato kinachoongezeka, na kutokukopa zaidi ya pauni 500 bila idhini. Hilo la mwisho lina maana kwamba kununua hisa kwa fedha za kukopeshwa na dalali usilifikirie kabisa.

Ugumu wa pauni 40 hauko kwenye hisa zenyewe. Fungu lako lilipatikana kwa kuchukua mshahara na kuondoa matumizi ya lazima, na kinachobaki ndicho wadai walichokipigia kura. Kila mwaka msimamizi huomba hati za mshahara na taarifa za benki ili kupitia hesabu upya. Akikuta kila tarehe 28 pauni 40 zinakwenda kwa dalali wa hisa, hatajali kama umechagua kampuni nzuri au mbaya. Atauliza kwa nini bajeti ya chakula iliandikwa kubwa kuliko mahitaji, na huenda fungu lako likapandishwa. Kubana matumizi na kuweka akiba ya dharura ni jambo linaloeleweka, na hata fomu ya bajeti inayotumiwa na washauri wengi hapa ina mstari wa akiba, lakini kikomo chake ni pauni 20 kwa mwezi.

Kuhusu SAYE, ni kweli kwamba hatari yake ni ndogo, kwa kuwa bei ya hisa ikishuka unaruhusiwa kurudishiwa fedha zako zote badala ya kununua. Hata hivyo, makato hayo hupunguza mshahara unaokufikia mkononi, na msimamizi atayarudisha katika hesabu kana kwamba umeyapokea. Mkataba wa miaka 3 ukiuanza sasa utaiva karibu na malipo yako ya mwisho, wakati ambapo faili linaweza kuwa halijafungwa. Usijiunge kabla hujapata jibu la maandishi.

Jibu: Bi. Reading

Mimi nilimaliza IVA yangu na cheti ninacho. Ningependa kuongeza jambo moja ambalo watu wa hisa hulisahau. Kwa mtu mwenye deni la kawaida tunasema alipe deni kwanza, kwa kuwa riba ya kadi hushinda gawio lolote, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa. Kwako wewe hoja hiyo haifanyi kazi, maana riba imesimama. Hoja yako ni fedha za haraka. Gari likiharibika, au saa za ziada zikikatwa kazini, ukakosa fungu hadi malimbikizo yafikie miezi mitatu, kwa kawaida unahesabiwa kuwa umekiuka mpango, na mpango ukivunjika wadai wanaweza kurudi kudai salio lote, au ukafikishwa kwenye kufilisiwa. Hisa unayolazimika kuiuza wiki ambayo soko limeanguka haikusaidii. Pauni 40 zikae benki.

Jibu: Msomali wa Eastleigh, sasa Luton

Kwa heshima zote, ninaona mnamtisha ndugu huyu. Je, aishi miaka mitano bila kuwekeza hata senti?

Jibu: Karani wa Madeni

Hapana, na kwa kweli yeye ni mwekezaji tayari. Ikiwa ameandikishwa katika pensheni ya kazini, mchango wa chini ni asilimia 8 ya sehemu ya mshahara inayohesabiwa, ambapo mwajiri hutoa angalau asilimia 3, na sehemu kubwa ya fedha hizo kwa kawaida hununua hisa za kampuni duniani kote. Michango ya kiwango cha kawaida hukubaliwa ndani ya IVA. Anayejitoa katika pensheni ili apate fedha za kununua hisa kwenye simu anaacha fedha za mwajiri mezani.

Kuhusu Safaricom, tazama aya inayotaja mali zilizoachwa. Ikiwa imeandika hisa 400, basi ni hizo 400 tu. Ukinunua nyingine kwa akaunti ileile ya CDS, yaani akaunti ya kielektroniki ya kuhifadhia hisa Kenya, salio litasomeka kama fungu moja, na itakulazimu kueleza kwa stakabadhi zipi ni za 2008 na zipi ni mpya. (Wengi waliozinunua mwaka ule kwa shilingi 5 walikopa benki, wakapewa sehemu tu ya walizoomba, huku riba ikiendelea kuhesabiwa. Tamaa ya hisa kwa fedha za wengine haikuanza leo.)

Mpwani wa Leicester

Ninawashukuru. Nimeisoma hati: aya inataja kampuni na idadi, 400, wala haisemi chochote kuhusu nyongeza. Mwaliko wa SAYE nimeuacha upite, na nimemwandikia msimamizi kuhusu akiba ya pauni 20. Swali dogo lililobaki ni gawio: je, nalo nilitaje?

Jibu: Karani wa Madeni

Litaje. Kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025 Safaricom ililipa shilingi 1.20 kwa hisa, hivyo kwako ni shilingi 480 kabla ya kodi, kiasi ambacho hakifiki hata pauni 3. Hakuna msimamizi atakayekifuata, lakini mstari mmoja katika fomu ya mapitio ya mwaka unatosha, na nakala yake ibaki kwako.