Sony A7 III ya mzigo wa Dubai milioni 3.9 au ya wakala Dar milioni 5.2? Nipo Kigoma, naombeni ushauri

MwishoWaReli

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mpiga picha wa harusi na shughuli ndogondogo hapa Kigoma mjini, kijiwe changu kipo Mwanga. Natumia Canon 700D na lenzi ya 50mm pamoja na ile 18-55 iliyokuja nayo. Kamera imenilisha siwezi kuisema vibaya lakini ukumbini wakishawasha zile taa za zambarau na kijani picha zinajaa chenga mpaka naona aibu kumkabidhi bibi harusi, halafu ina tundu moja tu la kadi, yaani kadi ikikufia katikati ya nikaha ujue umeshajitafutia kesi na koo mbili kwa mpigo.

Sasa nataka kuhamia Sony A7 III bodi peke yake, yaani kamera bila lenzi, halafu lenzi ya 85mm f/1.8 nainunua pembeni. Kwa wakala wa Dar mwenye waranti ya kampuni na risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) bodi ni milioni 5 na laki 2, lenzi milioni 1 na laki 7 na nusu. Kuna jamaa ana duka Kariakoo anafuata mzigo Dubai mwenyewe, bodi ananiambia milioni 3 na laki 9, lenzi milioni 1 na laki 3. Piga hesabu hapo, tofauti ni milioni 1 na laki 7 na nusu, huku kwetu hiyo ni flashi mbili za Godox na stendi zake na chenji inabaki. Anasema vitu ni vipya, boksi halijafunguliwa, na waranti ya mwaka mmoja anatoa yeye.

Shaabani inakaribia na Ujiji ndoa zitafungwa mfululizo kabla ya Ramadhani, sina muda wa kusuasua. Je nichukue? Aliyewahi kununua hivi aje atoe neno. Natanguliza shukrani.

DagaaMbichi

Milioni tano kamera?? Mkuu hapo si bodaboda mpya na mafuta ya mwezi mzima. Napita tu.

FundiLenzi

Mkuu kwanza tutenganishe mambo maana humu watu watakuja kukutisha. Mzigo wa namna hiyo sio feki. Ni kamera ileile imetoka kiwanda kilekile, ila ilikuwa imepangwa ikauzwe nchi nyingine, mfanyabiashara akaikuta kwa bei ya chini akaibeba akaileta soko ambalo hakutumwa na kampuni. Picha zitakazotoka ni zilezile, programu mpya za kamera unazipakua bure kwenye tovuti ya Sony kama mwenye ya wakala, hakuna anayekuuliza umenunua wapi.

Unachokosa ni mtu wa kumdai. Waranti za kamera nyingi ni za eneo. Marekani kule Nikon walifika mahali hawapokei kabisa kifaa ambacho hakikuingizwa na wao, hata ukisema utalipia matengenezo mwenyewe. Kwa hiyo "waranti ya mwaka" ya huyo jamaa wa Kariakoo ni ahadi ya jamaa wa Kariakoo, duka likifungwa au akihamia kuuza simu na waranti imeishia hapo.

Ila kuna kitu wengi hawakijui, ofisi ya Sony inayohudumia Mashariki ya Kati na Afrika ipo hukohuko Dubai. Kwa hiyo mzigo wa Dubai unaweza ukawa wa ukanda wetu kabisa na kadi halali ndani, au ukawa wa Japani au Hong Kong uliopitia Dubai tu. Mwambie akutumie picha ya kadi ya waranti na lebo ya boksi. Akianza kuzunguka zunguka umepata jibu.

BintiUjiji

Kaka yangu hapo penye Japani ndio pa kushika. Sony zinazouzwa kwa soko la ndani la Japani menyu yake ni Kijapani tupu, hakuna sehemu ya kubadilisha lugha, na fundi wa mtaani hawezi kukuwekea Kiingereza ukarudi nyumbani salama. Kuna mpiga picha mwenzetu yupo Tabora aliuziwa A7 III ya hivyo, kaiwasha mbele ya muuzaji ikawaka vizuri, ikapiga picha, akalipa. Menyu hakuifungua. Nimeishika mwenyewe ile kamera tulipokutana kwenye send-off moja, nyuma pembeni ya kioo kabandika kikaratasi cha plasta kaandika kwa kalamu "mkoba, ukurasa 5, mstari wa 1 = FOMATI USIGUSE". Anaiendesha hivyohivyo kwa kukariri na harusi anapiga. Lakini siku akitaka kuiuza nani atainunua kwa bei ya maana?

Mnyamwezi_wa_Cheyo

😂😂 dada umenianika mbele za watu bila hata salamu. Ni mimi huyo. Ila nisikilizeni, picha zinatoka safi na nimeshaizoea, simu ukiielekezea kwenye menyu inakutafsiria papo hapo kama una bando. Shida ni pale MC anasema "mpiga picha tusogee kwenye keki" na wewe umeshika simu mkono mmoja unatafsiri Kijapani.

Baba_Tatu

Mimi nitakuwa tofauti kidogo na wenzangu. Hebu tuongee ukweli kuhusu hiyo waranti ya wakala ukiwa Kigoma. Reli ya kati kutoka Dar mpaka hapo kwenu ni zaidi ya kilomita 1,200. Kamera ikizingua unaifunga kwenye boksi unaipa basi, inafika Dar, inapokelewa, inaangaliwa, wakikosa spea wanaagiza nje, na muda wote huo wewe una harusi za watu umeshakula advansi. Mwenye waranti na asiye nayo wiki hiyo wote wanatafuta kamera ya kukodi. Waranti inakulipia fundi, haikulipii Jumamosi.

Kwa hiyo mimi ningechukua ya Dubai, kwa sharti moja tu, hiyo milioni na ushee usiigeuze flashi. Iweke kabisa pembeni ndio iwe waranti yako. Watu wengi wanasema wameokoa pesa kumbe pesa ilishaliwa siku ileile, kamera ikifa mwezi wa sita unamkuta anachangisha kwenye magrupu.

FundiLenzi

@Baba_Tatu hoja yako nzito ila kwa bodi hii mahususi ningepunguza ujasiri. Shata ya A7 III, lile pazia la ndani linalofunguka kila ukipiga picha, Sony wenyewe walisema imepimwa mpaka mara laki mbili, lakini mwaka 2021 wateja kule Marekani walifungua kesi wakidai zinakufa mapema sana kabla ya hapo. Sisemi yake itakufa, zipo nyingi mtaani zinapiga kazi miaka. Nasema kifaa chenye kitu kinachojongea ndani kila ukibonyeza ndicho kinachostahili waranti, na mpiga harusi anabonyeza maelfu kwa wikiendi.

Lenzi ni habari nyingine. Lenzi haina menyu, haina lugha, haina mambo ya mifumo ya video ya PAL na NTSC, na ukiikagua vizuri siku ya kwanza kama fokasi inashika na glasi haina ukungu mara nyingi itakuzikia bodi tatu. Ningekuwa mimi lenzi ningechukua ya Dubai bila kufikiria mara mbili, ugomvi wangu wote ungekuwa kwenye bodi.

MwishoWaReli

Asanteni sana wakuu, BintiUjiji umenifungua macho hilo la lugha sikulijua kabisa. Halafu nilisahau kusema, kuna mwingine anavusha vitu kutoka Bujumbura kupitia Manyovu, yeye anasema kwa kuwa Burundi ipo Jumuiya ya Afrika Mashariki hakuna ushuru kwa hiyo anaweza kushuka hadi 3.7. Hii imekaaje?

Mzee_wa_Kibirizi

Imekaa vibaya mdogo wangu. Nafuu ya Jumuiya ni ya vitu vilivyozalishwa ndani ya Jumuiya. Kamera ya Sony kupita Bujumbura haiifanyi kuwa bidhaa ya Warundi, forodha wataihesabia kama kamera yoyote iliyotoka nje, na VAT asilimia 18 ipo palepale, tena inapigwa juu ya thamani ukishajumlisha usafiri na ushuru. Anayekwambia hakuna ushuru maana yake yeye halipi. Siku ikikamatwa mzigo unabaki kwa wenyewe, na wewe ndiye umeshamtumia hela kwa simu. Hata huyo wa Kariakoo muulize karatasi za forodha, akiwa nazo bei yake ni halali, akiwa hana ujue hiyo tofauti unayoifurahia sehemu yake ni kodi.

Afisa_Habari_KGM

Naongezea hapo kwa mzee. Mkuu umesema unapiga harusi, lakini Kigoma hii kazi zenye hela ni za mashirika, Kasulu, Kibondo, Nyarugusu huko. Hao hawakulipi bila risiti ya EFD, na ukishaanza kutoa risiti TRA wanakuhesabu kama mfanyabiashara kamili. Kamera yenye risiti inaingia kwenye matumizi ya biashara yako, kamera isiyo na karatasi kwenye hesabu haipo. Hata ukitaka kuikatia bima utaulizwa uthibitisho wa ununuzi wenye namba ya kamera yenyewe. Usiangalie bei ya siku ya kununua tu.

Shangazi_Studio

Nyie mnaongea bodi, mbona hakuna aliyemuuliza lenzi zake za Canon atazipeleka wapi? Mwanangu hiyo 50mm itakaa kwenye Sony kwa adapta, ipo ya Sigma inaitwa MC-11 na nyingine za Kichina, lakini hiyo 18-55 isahau, ni ya kamera zenye sensa (kile kipokea mwanga cha ndani) ndogo kuliko ya A7 III, itabidi kamera ikate picha ibaki megapikseli 10 hivi kutoka 24. Maana yake utaingia ukumbini na 85 mkononi na 50 ya kuungaunga. Picha ya familia nzima mbele ya jukwaa utaipigaje na 85, utoke nje ya ukumbi? Weka bajeti ya lenzi pana kabla hujaanza kusherehekea hiyo tofauti.

BintiUjiji

Shangazi kamaliza. Lenzi pana ndio inapiga picha za ukoo.

Halafu kuhusu kukagua, kama una ndugu Dar mwambie aende dukani asije akanunua kwa picha za WhatsApp. Aiwashe, kitu cha kwanza atafute sehemu ya kuchagua lugha kwenye menyu, isipokuwepo aage atoke. Namba ya bodi ilingane na ya kwenye boksi. Apige picha moja aihamishe kwenye simu aipakie kwenye zile tovuti za kusoma idadi ya shata, kamera mpya haiwezi kuwa imeshapiga elfu nane, hiyo ni ya maonyesho au iliyorudishwa na mteja ikafungwa upya. Aangalie betri na chaja kama ni za Sony kweli maana kuna wauzaji wanatoa orijino wanaiuza peke yake wanakuwekea ya elfu thelathini. Chaja ikiwa na pini mbili za Kijapani sio tatizo, zinapokea kuanzia volti 100 mpaka 240, utanunua kichwa tu. Na kadi za kumbukumbu usinunue hapohapo kwa bei ya zawadi, feki zimejaa, inakuonyesha GB 128 kumbe ndani 16, unagundua siku ya kukata keki.

Mnyamwezi_wa_Cheyo

Ongeza na video. Umeme wetu ni hezi 50, kamera ikiwa imewekwa NTSC taa za ukumbini zinacheza cheza kwenye video kama disko. A7 III unaweza kuihamishia PAL kwenye menyu ila itakudai ufomati kadi kwanza, fanya kabla ya kazi sio kati ya kazi. Mimi ilinibidi nitafute hiyo sehemu kwa Kijapani, mnaweza mkafikiria wenyewe.

Baba_Tatu

Nimesoma hoja ya risiti za mashirika, hapo nimekubali kushindwa kwa upande wa bodi. Kwa mpiga harusi tupu bado nasimama na msimamo wangu.

MwishoWaReli

Wakuu mrejesho. Nilimwomba jamaa wa Kariakoo video akionyesha sehemu ya lugha, akanitumia video ya boksi. Nikaomba tena akanitumia video ya boksi likifunguliwa, kamera ikitoka na vumbi lake la kiwandani, kila kitu isipokuwa menyu. Mara ya tatu akapiga simu mwenyewe, anasema "boss ni Kijapani ila utazoea, nakufanyia 3.6". Alijua siku zote. Kama nisingeuliza ningeletewa Mwanga na basi.

Nimeamua hivi. Lenzi ya 85 nachukua kwake kwa 1.3, shemeji yangu yupo Ilala atakwenda kuikagua kwanza na kulipia palepale baada ya kuiona, na karatasi za forodha kasema anazo, tutaziona. Bodi nachukua kwa wakala, pamoja na risiti, maana mwezi uliopita tu kuna shirika lilinikataa kwa kukosa EFD na hiyo kazi moja ingelipa zaidi ya nusu ya tofauti ninayolilia. Lenzi pana nitaitafuta ya mkono wa pili baada ya Shaabani, kwa sasa kuna rafiki atanikodisha ya kwake, na 700D nabaki nayo na ile 18-55 kama kamera ya akiba kwa picha za ukoo.

Shangazi_Studio

Sawa kabisa mwanangu. Ukiipata usiende nayo harusini siku hiyohiyo, ipige wiki moja sokoni na ufukweni Kibirizi mpaka vidole vijue vitufe viko wapi. Sony na Canon vitufe haviko sehemu moja, ukiwa na haraka utachanganya.

Mnyamwezi_wa_Cheyo

@MwishoWaReli mkuu nitumie namba ya huyo jamaa inbox. Hiyo ya Kijapani kwa 3.6 akishuka mpaka 3.3 naichukua iwe bodi ya pili, menyu nimeshaikariri yote.