Kutafuta watu chini ya kifusi: mashine ya kunusa hewa, mbwa au kifaa cha kusikiliza?

Mkaazi_Gerezani
Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu cha vijana wa kujitolea kimepata mfadhili, na tunatakiwa tuwe tumenunua kabla mwezi haujaisha. Tangu ghorofa la Kariakoo liporomoke tarehe 16 Novemba 2024 hatujatulia, maana tulikwenda pale mikono mitupu tukawa tunabeba matofali. Tumebaki na njia tatu: mashine inayonusa hewa ya mtu aliyefukiwa, mbwa, au kifaa cha kusikiliza chenye sensa za kubandika kwenye zege. Mimi moyo wangu uko kwenye mashine, haichoki wala haili. Mnashauri nini?

Fundi_Nondo
Mkuu, umeleta swali nusu. Bajeti kiasi gani? Mko wangapi? Nani kati yenu amesomea uokoaji? Na hiyo mashine ni ya kunusa binadamu, au ni kile kipima gesi cha mafundi wa maji taka?

Mwalimu_Kemia
Naunga mkono maswali ya Fundi, ila wazo lenyewe si la kubeza. Mtu hutoa kemikali zinazopaa hewani: asetoni kwa pumzi na ngozi, isoprini kwa pumzi, amonia kwa jasho na mkojo. Pumzi tunayotoa ina hewa ya ukaa kama asilimia 4, wakati hewa ya kawaida ina 0.04 tu. Aliyekaa siku mbili bila kula, mwili wake unaanza kuchoma mafuta na asetoni inaongezeka. Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zurich, Uswisi, walionyesha kifaa cha kubebeka mkononi kinachounganisha sensa za asetoni, amonia na isoprini na zile za hewa ya ukaa na unyevu, hadi kiwango cha sehemu 3 katika bilioni. Lakini waliopimwa walikaa kwenye chumba kilichofungwa. Hapakuwa na slabu nne juu yao wala vumbi la saruji. Kipima gesi cha dukani kimetengenezwa kumwonya fundi asife shimoni. Usikichanganye na hicho.

Mama_Bandeji
Niko Nairobi. Naomba nisimulie yaliyotukuta, jengo na mtaa nitauacha.

Tuliazima kipima hewa. Tukafunga mpira mwembamba kwenye fimbo, tukauchomeka kwenye ufa wa slabu. Namba ya hewa ya ukaa ikapanda palepale. Vijana wakashangilia, wakaanza kuchimba kwa mikono na mabeseni, saa mbili na nusu bila kupumzika. Kule chini tulikuta bomba la choo lililopasuka na makopo ya rangi na thina. Mtu hakuwepo. Jenereta lilikuwa hatua chache upande upepo unakotoka, moshi wote unaingia kwenye ule ufa, na sisi watu kumi tumeinama pale tunahema. Mashine haikudanganya, hewa ya ukaa ilikuwepo. Sisi ndio hatukujua kuisoma.

Muda wote huo kulikuwa na mzee upande wa pili wa jengo, ameshikilia kwamba kuna mtu anagonga bomba. Hakuna aliyemsikiliza. Tulipohamia kwake kulikuwa kimya. Kijana tuliyemtoa alikuwa ameshafariki, na mkononi ameshika kijiko cha chai.

Fundi_Nondo
Pole sana mama. Basi hapo jibu liko wazi: kifaa cha kusikiliza.

Mwalimu_Kemia
Haliko wazi, Fundi. Aliyezimia hagongi bomba. Ghorofa lilipoporomoka Huruma, Nairobi, Aprili 2016, mtoto mchanga alitolewa hai baada ya saa kama 80, na siku ya sita wakatolewa watu wengine hai. Mtoto wa miezi michache atagonga nini? Harufu inatoka hata kwa aliyelala.

Mfuga_Mbwa_Arusha
Ndiyo maana nasema mbwa! Aliyefundishwa vizuri anapita juu ya harufu za waokoaji wenzake na kumfuata aliyefukiwa. Ila mjue anafanya kazi dakika 20 au 30 kisha apumzike, na jua la mchana linamchosha. Na akibweka, msichimbe tu chini ya miguu yake. Harufu hupita kwenye nyufa kama moshi wa kuni, unauona unatoka kwenye paa wakati mafiga yako chumba kingine.

Bint_Mwanakwerekwe
Na watu wa huku Unguja tufanyeje? Wapo watakaokataa mbwa asiguse nguo zao wala maiti zao.

Mfuga_Mbwa_Arusha
Dada, mtu yuko chini ya zege halafu tujadili nguo?

Bint_Mwanakwerekwe
Sijasema asitumike. Kuokoa nafsi kunatangulia, na alipogusa panaoshwa mara saba, moja kwa udongo, kazi imeisha. Nasema watu waambiwe mapema na masheha na maimamu, siyo mabishano yaanze siku ya msiba.

Mluguru_Halisi
Mbona hakuna aliyetaja panya buku? Pale SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, shirika la APOPO linawafundisha kutafuta watu kwenye vifusi. Panya anavaa kijifuko chenye kamera. Akimfikia mtu anavuta kitufe kilichopo shingoni, kisha anarudi kupewa chakula chake. Anaingia kwenye tundu ambalo mbwa hapiti.

Fundi_Nondo
Hao si wa kununua dukani mwezi huu, mkuu. Kama ni ndoto, basi mimi nataka rada ya NASA iliyogundua mapigo ya moyo ya watu wanne kule Nepal mwaka 2015.

Mkaazi_Gerezani
Samahanini kwa kuchelewa. Tuna milioni 7 za Tanzania, tuko 14, waliosomea huduma ya kwanza ni wawili. Mkufunzi wa mbwa hatuna.

Fundi_Nondo
Kwa hela hiyo nunueni jeki, grinda ya betri, kofia ngumu na barakoa za vumbi. Halafu mkaombe mafunzo Zimamoto.

Mkaazi_Gerezani
Barua ya mfadhili inasema "kifaa cha kugundua manusura". Sijui kama jeki itakubalika.

Mama_Bandeji
Mwulize, mwanangu. Na kabla hujanunua chochote nijibu hili: hapo mtaani kwenu ni nani mwenye uwezo wa kuamuru jenereta zote zizimwe na watu wanyamaze dakika tano?

Mkaazi_Gerezani
Sina jibu, mama. Kesho asubuhi naenda kwa mtendaji wa kata.